Wakala wa Azure File Sync kwenye seva ya mafaili: namna ya kumsakinisha, na mambo ya kupanga kabla hajaingia

Diski ya D: inapokaribia kujaa, ofisi nyingi hufanya moja kati ya mawili: kununua diski nyingine, au kutuma barua pepe inayomtaka kila mtu afute asichokihitaji. Diski mpya nayo hujaa, na barua pepe haijibiwi. Ukipekua folda utakuta sehemu kubwa ni nyaraka ambazo hazijaguswa kwa miaka: skani za zabuni, picha za miradi iliyokwisha, hesabu zilizokaguliwa na kufungwa. Huwezi kuzifuta, kwa sababu siku moja mkaguzi au wakili atazidai. Wakati huohuo hakuna sababu ya kuziacha zikalie diski ya seva inayohudumia kazi za leo.

Njia ya kati ni kusakinisha kwenye seva programu ndogo, yaani wakala, inayohamishia mafaili ya zamani kwenye hifadhi ya nje na kuacha kiwakilishi mahali pake. Mtumiaji anaona jina lilelile, folda ileile, ukubwa uleule. Ni kama mfumo wa stakabadhi ghalani kwa mkulima wa korosho: mkononi ana karatasi, mzigo wenyewe uko ghalani. Akibofya faili, wakala analileta.

Programu za namna hii ziko kadhaa. Hapa nitatumia Azure File Sync ya Microsoft, kwa sababu ofisi nyingi za ukanda wetu tayari zina Windows Server na wakala wake hupakuliwa bila malipo. Unacholipia ni hifadhi na huduma upande wa wingu, yaani kwenye kompyuta za Microsoft zinazofikiwa kwa intaneti, ambazo kwa jina huitwa Azure. Kumsakinisha ni kazi ya dakika chache. Kazi halisi ni kukubali kwamba kuanzia siku hiyo, faili unaloliona kwenye seva si lazima liwe ndani ya diski, na kila programu inayosoma mafaili (antivairasi, bekapu, hata skripti yako ya zamani ya kunakili) inapaswa kupangwa upya kwa kuzingatia hilo. Wanaopata matatizo kwa kawaida ni wale walioruka sehemu hiyo.

Hatua ya 1: Kagua seva yenyewe

Wakala anahitaji Windows Server 2016 au toleo la baadaye. Diski itakayohudumiwa iwe imeumbizwa kwa mfumo wa NTFS na iwe imeunganishwa moja kwa moja kwenye seva. ReFS na FAT32 hazikubaliki. Kama mafaili yako yanakaa kwenye kifaa cha NAS (sanduku la diski linalojitegemea kwenye mtandao), hutaweza kumweka wakala humo wala kumwelekeza kwenye folda ya NAS kupitia mtandao. Itabidi uyahamishie kwanza kwenye seva ya Windows.

Kumbukumbu ya GB 2 ndiyo kiwango cha chini kinachotajwa, lakini usikitegemee kwa seva yenye mafaili mamia ya maelfu. Diski ya C: nayo haiwezi kutumika kuhamishia mafaili ya zamani winguni, huduma hiyo haifanyi kazi kwenye diski ya mfumo. Kama folda za watumiaji ziko C:, zitoe huko kabla ya yote.

Jambo jingine ni aina ya mafaili. Nyaraka, picha, PDF na video hazina shida. Usiweke humo hifadhidata inayofanya kazi, wala mafaili ya programu ya uhasibu yanayoandikwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja. Hayo yaache kwenye folda ya pembeni ambayo wakala hataigusa.

Hatua ya 2: Pima ulicho nacho

Usianze kwa kukisia. Fungua PowerShell (dirisha la Windows la kuandikia amri) kama msimamizi na uulize ni baiti ngapi hazijabadilishwa kwa miaka 3 au zaidi:

Get-ChildItem D:\Nyaraka -Recurse -File | Where-Object { $_.LastWriteTime -lt (Get-Date).AddYears(-3) } | Measure-Object Length -Sum

Jibu likiwa dogo ukilinganisha na diski nzima, kuhamisha nyaraka za zamani hakutakuokoa; tatizo lako ni la leo na unahitaji diski. Likiwa nusu au zaidi, endelea.

Angalia pia ukubwa wa faili mojamoja. Mafaili madogo sana hayahamishwi. Kwenye diski iliyoumbizwa kwa vipande vya KB 4, ambayo ndiyo kawaida, faili lisilofika KB 8 hubaki pale lilipo. Folda yenye mamilioni ya vifaili vya maandishi haitakupunguzia kitu cha maana.

Kisha pima utangamano. Sakinisha moduli ya Az.StorageSync na uendeshe:

Invoke-AzStorageSyncCompatibilityCheck -Path D:\Nyaraka

Amri hii hukutajia mafaili yenye majina yenye herufi zisizokubalika na mapungufu ya mfumo wenyewe. Rekebisha majina hayo sasa. Faili lenye jina bovu halitapakiwa, na ukilisahau litakuwa la kwanza kutafutwa siku ya ukaguzi.

Hatua ya 3: Amua mzigo utakaa nchi gani

Microsoft ilifungua vituo vya data vya Azure nchini Afrika Kusini mwaka 2019, na kile cha Johannesburg, kinachoonekana kwenye orodha kwa jina South Africa North, ndicho chaguo la kawaida kwa watu wa Afrika Mashariki. Ila hilo ni suala la kisheria kabla ya kuwa la kiufundi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Zote mbili zinaweka masharti juu ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Kama seva yako ina mafaili ya wagonjwa, wanafunzi au wafanyakazi, peleka suala hili kwa mwanasheria wa taasisi na upate jibu la maandishi. Afisa TEHAMA hapaswi kubeba uamuzi huo peke yake.

Fikiria pia siku intaneti inapokatika. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwemo. Katika hali kama hiyo, mafaili yaliyobaki kwenye diski yako yanafunguka kama kawaida, na yaliyokwisha kuhamishwa hayafunguki. Kwa hiyo usihamishe kitu ambacho ofisi haiwezi kukaa siku mbili bila kukipata.

Hatua ya 4: Pima intaneti yako

Kwa mpangilio tutakaoufuata hapa, mzigo wote hupakiwa winguni kabla ya nafasi yoyote kuachwa wazi, na hapa ndipo hesabu huwashtua wengi. TB 1 kwenye laini ya kupakia ya Mbps 20 huchukua zaidi ya siku 4 na nusu hata laini ikitumika yote, usiku na mchana. TB 4 ni zaidi ya siku 18. Na ofisi haiwezi kukuachia laini yote, kwa hiyo panga kwa majuma.

Wakala huzungumza na Azure kupitia poti (mlango wa mtandao) 443 tu, kutoka ndani kwenda nje. Hili ni jambo jema, maana baadhi ya watoa huduma za intaneti huziba poti 445, inayotumika kufungua folda za mtandao moja kwa moja, na kwa wakala hilo halina athari. Mwombe msimamizi wa ukuta wa moto aruhusu anwani za *.afs.azure.net, *.file.core.windows.net, login.microsoftonline.com na management.azure.com. Kama ofisi inapita kwenye proksi (seva inayopitisha intaneti ya ofisi), utamwonyesha wakala proksi hiyo baada ya kumsakinisha, kwa amri ya Set-StorageSyncProxyConfiguration.

Hatua ya 5: Andaa upande wa wingu

Ingia kwenye tovuti ya usimamizi ya Azure na uunde vitu vitatu kwa mpangilio huu: akaunti ya hifadhi, ndani yake shea moja ya mafaili (folda ya pamoja iliyoko winguni), kisha huduma inayoitwa Storage Sync Service. Akaunti ya hifadhi na huduma hiyo lazima viwe katika eneo moja. Ukiweka kimoja Johannesburg na kingine Ulaya, havitaungana.

Seva moja husajiliwa kwenye Storage Sync Service moja tu, na seva zilizosajiliwa kwenye huduma tofauti haziwezi kusawazishana. Kama mna matawi Arusha, Mwanza na Mbeya, tengeneza huduma moja kwa ajili ya yote, hata kama leo unaanza na seva moja.

Kuhusu daraja la hifadhi kwenye akaunti ya kawaida ya kulipia kadiri unavyotumia: anza na lile linaloitwa Transaction optimized wakati wa kupakia mzigo wa kwanza, kisha uhamie Cool mambo yakitulia. Daraja la Cool lina bei ndogo ya kuhifadhi na bei kubwa ya kila tendo la kusoma au kuandika, na upakiaji wa kwanza ni matendo mengi mno.

Hatua ya 6: Sakinisha wakala

Pakua kisakinishi kwenye tovuti ya Microsoft. Kila toleo la Windows Server lina faili lake, na jina lake linajieleza: StorageSyncAgent_WS2019.msi, StorageSyncAgent_WS2022.msi na kadhalika. Kama kwenye seva bado kuna ulinzi wa ziada wa Internet Explorer, uzime kwa muda katika Server Manager, la sivyo dirisha la kuingia linaweza kukwama. Ukimaliza kusajili, uwashe tena.

Endesha kisakinishi kama msimamizi. Acha njia ya C:\Program Files\Azure\StorageSyncAgent kama ilivyo, na ukubali masasisho kupitia Microsoft Update. Ukiwa na seva nyingi, tumia msiexec:

msiexec /i StorageSyncAgent_WS2022.msi /qn

Kwa klasta (seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja), wakala asakinishwe kwenye kila seva ya klasta hiyo.

Baada ya hapo thibitisha kwamba ameingia kweli. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika fltmc, na utafute StorageSync na StorageSyncGuard kwenye orodha. Hivi ni vichujio vinavyokaa kati ya Windows na diski. Ndivyo vinavyotambua kwamba mtu anafungua kiwakilishi na kuamuru faili liletwe. Visipokuwepo, usiendelee.

Hatua ya 7: Sajili seva na upime njia

Dirisha la usajili hufunguka lenyewe usakinishaji unapokwisha. Lisipofunguka, endesha ServerRegistration.exe lililo ndani ya folda ya wakala. Ingia kwa akaunti yenye mamlaka ya kutosha kwenye Azure, chagua huduma uliyoiunda, na ukubali.

Kabla ya kuweka mzigo wowote, pakia amri za wakala na upime mtandao:

Import-Module "C:\Program Files\Azure\StorageSyncAgent\StorageSync.Management.ServerCmdlets.dll"
Test-StorageSyncNetworkConnectivity

Kila mstari urudishe jibu la kufaulu. Hapohapo weka kikomo cha kasi kwa saa za kazi, ili upakiaji usikabe laini ya ofisi nzima:

New-StorageSyncNetworkLimit -Day Monday, Tuesday, Wednesday, Thursday, Friday -StartHour 8 -EndHour 17 -LimitKbps 5000

Kwa mfano huu, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni wakala hatazidi Mbps 5. Usiku na mwisho wa juma anatumia atakachokipata. Saa hizi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na husomwa kutoka kwenye saa ya seva, kwa hiyo hakikisha saa ya seva ni sahihi.

Hatua ya 8: Unganisha folda, lakini usianze kuhamisha bado

Ndani ya Storage Sync Service unda kundi la usawazishaji. Kila kundi lina shea moja ya wingu na folda moja au zaidi za seva. Ongeza seva yako, andika njia ya D:\Nyaraka, na kipengele cha Cloud Tiering, ndicho kinachohamisha mafaili na kuacha viwakilishi, kiache kimezimwa.

Skrini inakuruhusu kukiwasha hapohapo, na wengi hukiwasha. Ushauri wangu ni kusubiri. Kikiwa kimezimwa, mzigo unapakiwa winguni huku nakala kamili ikiwa bado kwenye diski yako, na kosa lolote la upakiaji linatibika bila hofu. Wakala hahamishi faili ambalo halijapakiwa, hilo ni kweli, lakini wewe bado hujapanga bekapu wala antivairasi. Mambo hayo mawili yatangulie.

Fuatilia maendeleo kwenye Event Viewer, chini ya Applications and Services, Microsoft, FileSync, Agent, Telemetry. Tukio namba 9302 hukuonyesha mafaili mangapi yamepita kati ya mangapi. Tukio namba 9102 hutokea kila awamu inapoisha: HResult ikiwa 0, awamu imefaulu; PerItemErrorCount ikizidi 0, kuna mafaili yaliyobaki nyuma. Ili kuyajua kwa majina, endesha skripti ya FileSyncErrorsReport.ps1 iliyomo kwenye folda ya wakala.

Hatua ya 9: Bekapu na antivairasi

Nitakaa hapa kidogo.

Usawazishaji si bekapu. Mtu akifuta faili kwenye seva, linafutwa pia winguni. Programu hasidi ikifunga mafaili yako kwa nywila, yaliyofungwa ndiyo yatakayopakiwa juu ya mazima. Ulinzi wa kufuta ambao Azure huuweka kwenye shea hukusaidia shea nzima ikifutwa, haukusaidii faili moja likipotea. Kwa hiyo washa Azure Backup kwenye shea yenyewe, ichukue picha ya shea (snapshot, yaani nakala ya shea ilivyo wakati huo) kila siku. Shea moja inaweza kubeba picha hadi 200, na kwa mpango mzuri wa kila siku, wiki na mwezi zinatosha.

Kwa nini bekapu ichukuliwe winguni na si kwenye seva? Kwa sababu seva itakuwa na viwakilishi. Programu ya bekapu inayosoma kila faili usiku italazimisha wakala kuyaleta yote: laini inajaa, diski inajaa, na bili ya kutoa data Azure inapanda. Au itaruka viwakilishi kimyakimya, nawe utabaki na kanda ya bekapu isiyo na nyaraka za zamani, ambazo ndizo hasa ulitaka kuzilinda.

Antivairasi ina hatari hiyohiyo. Kiwakilishi huwekewa alama ya kuwa nje ya mtandao. Defender ya Microsoft huheshimu alama hiyo na kuliruka faili. Kwa antivairasi nyingine, tafuta kwenye mipangilio kipengele cha kutokagua mafaili yaliyo nje ya mtandao, kiwashe, na umwandikie muuzaji athibitishe. Pitia pia ratiba zote za Task Scheduler. Skripti ya robocopy iliyoandikwa zamani na mtu aliyekwisha kuondoka bado inaweza kuwa inanakili D: kila Ijumaa.

Hatua ya 10: Washa uhamishaji

Upakiaji umekamilika, bekapu ya kwanza ya wingu imefaulu, muuzaji wa antivairasi amejibu. Sasa rudi kwenye folda yako katika kundi la usawazishaji na uwashe Cloud Tiering. Utaulizwa mambo mawili.

La kwanza ni asilimia ya diski inayopaswa kubaki wazi. Kawaida ni 20. Kumbuka ni asilimia ya diski nzima, si ya folda. Ukiwa na folda mbili kwenye diski moja na kila moja ina asilimia yake, iliyo kubwa ndiyo inayotumika. La pili ni siku: faili lisilofunguliwa kwa siku hizo huhamishwa hata kama nafasi ipo. Masharti haya yakigongana, nafasi ya diski hushinda. Kwa ofisi yenye nyaraka nyingi na intaneti ya wasiwasi, napendelea kuanza na siku 365 na asilimia 20, kisha kupunguza siku taratibu.

Wakala hupitia mafaili kila saa, kwa hiyo usitarajie diski kufunguka papo hapo. Ili kuona matokeo, bofya faili la zamani kwa kitufe cha kulia na ufungue sifa zake: ukubwa utasoma MB 40, na ukubwa kwenye diski utakuwa sufuri au karibu na hapo. Hicho ni kiwakilishi. Kifungue, subiri, na uone jinsi linavyorudi.

Kabla ya ukaguzi wa mwaka unaweza kurudisha folda nzima mapema, usiku, ili wakaguzi wasikae wakisubiri kila skani:

Invoke-StorageSyncFileRecall -Path D:\Nyaraka\Hesabu

Waarifu watumiaji pia. Waambie faili la zamani linaweza kuchukua muda kufunguka, na kwamba hawapaswi kukokota folda kubwa za zamani kwenda kwenye flashi bila kuuliza, kwa sababu kila faili litaletwa upya kutoka Johannesburg.

Kumsasisha na kumwondoa

Kila toleo kuu la wakala lina muda wake wa kuungwa mkono, takriban mwaka mmoja tangu litoke. Likipita muda, usawazishaji husimama. Weka ukumbusho wa kila robo mwaka wa kulinganisha toleo lako na jipya, hata kama masasisho yanajiendesha.

Siku ya kubadilisha seva au kuachana na huduma hii, mpangilio ni huu na haubadiliki: zima Cloud Tiering; rudisha mafaili yote kwa Invoke-StorageSyncFileRecall, ukihakikisha kwanza diski ina nafasi ya kuyapokea; hakikisha kwa macho yako kwamba hakuna kiwakilishi kilichobaki; ondoa folda kwenye kundi la usawazishaji; futa usajili wa seva; mwisho kabisa ondoa wakala. Ukimwondoa wakala mapema, viwakilishi vitabaki kwenye diski bila wa kuvifungua, na mtumiaji atakayebofya jina la faili atapata ujumbe wa kosa. Mzigo wenyewe bado utakuwa salama kwenye shea ya wingu, ila kuunganisha upya kila jina na faili lake ni kazi ndefu. Na kama seva ni mbovu kiasi cha kutoweza kurudisha chochote, usihangaike nayo: sakinisha wakala kwenye seva mpya, isajili kwenye Storage Sync Service ileile, iongeze kwenye kundi lilelile ikiwa na folda tupu, na majina yote yatashuka kutoka winguni.